Kuta za Matumbawe na Waifai: Jinsi ya Kujua Kwa Nini Kompyuta Yako Haishiki Mawimbi

Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, ilijengwa kwa hesabu. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Vyumba ni vyembamba, vimepangana kimoja nyuma ya kingine. Madirisha upande wa kichochoro ni machache, na katikati kuna kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu ili kuleta hewa na mwanga. Mafundi wa zamani walitaka jua la kaskazi libaki nje na mazungumzo ya wenye nyumba yabaki ndani, na walilipata walilolitaka. Leo tunaingiza ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, katika nyumba hiyo hiyo, tunaiweka juu ya kabati, na kutarajia mawimbi yake yapite kuta ambazo hata joto la saa nane mchana hupata taabu kuzipita.

Mwanafunzi yuko chumba cha ndani kabisa na darasa la mtandaoni. Picha ya mwalimu inaganda, sauti inakatika. Lawama zinaanzia kwa kampuni ya intaneti, zinafuata kompyuta, kisha bando. Ukuta haulaumiwi na mtu.

Haya nayaandika kwa ajili ya mwenye kompyuta ya namna hiyo, awe Mkomani, Langoni au Shela, na hata wa Malindi anayekaa nyumba ya bloku iliyoezekwa mabati. Ombi langu kubwa ni kwamba usinunue kitu chochote kabla ya kupima. Naumia nikiona mtu wa kipato cha kawaida akitoa fedha kwa kifurushi kikubwa zaidi, au kwa ruta yenye antena sita, na chumba kile kile kikabaki bila mtandao kwa sababu ugonjwa haukuwa huko.

Njia mbili, si moja

Intaneti inayofika kwenye kompyuta yako imepita njia mbili. Ya kwanza inatoka duniani hadi kwenye ruta. Data nyingi za Kenya huingia kwa kebo za chini ya bahari zinazotua Mombasa, kama SEACOM na TEAMS zilizoanza kazi 2009 na EASSy iliyofuata 2010. Kutoka hapo husafiri kwa faiba na minara hadi ikufikie kwa waya, kwa dishi dogo lililoko juu ya paa, au kwa ruta yenye laini ya simu. Wenye Starlink, iliyofunguliwa Kenya 2023, hupitia angani. Njia ya pili ni zile mita chache za hewani kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Waifai ni hiyo ya pili peke yake.

Watu huzichanganya njia hizi kwa sababu zikiharibika dalili ni moja: ukurasa haufunguki. Mwezi wa Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilidorora Afrika Mashariki nzima, na huku nyumbani alama ya waifai ilikuwa imejaa kama kawaida. Hapakuwa na ruta ya kuzimwa na kuwashwa ambayo ingesaidia siku ile. Upande wa pili, iko siku faiba inafanya kazi vizuri kabisa na wewe huoni kitu, kwa kuwa kuta tatu zimekaa kati yako na ruta.

Kuzitenganisha ni kazi ya dakika tano. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha fungua lile dirisha jeusi. Andika ipconfig, ubonyeze Enter, utafute mstari wa Default Gateway chini ya sehemu ya waifai. Namba iliyo mbele yake ndiyo anwani ya ruta yako. Mara nyingi huwa 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.100.1. Sasa andika ping, acha nafasi, andika anwani hiyo, acha nafasi tena, umalizie na -n 50. Kompyuta itatuma ujumbe mfupi kwa ruta mara 50 na kupima kila jibu limechukua milisekunde ngapi.

Katika waifai yenye afya, majibu mengi hurudi chini ya milisekunde 10 na hakuna linalopotea. Ukiona 3, kisha 4, kisha 280, kisha maneno Request timed out, kisha 5, basi ugonjwa uko ndani ya nyumba yako. Ukimaliza, rudia jaribio hilo kwa 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo wazi kwa umma. Kama ruta ilijibu vizuri na Google haijibu, au inajibu kwa kurukaruka, usihangaike na kuta. Ipigie kampuni inayokuuzia intaneti.

Kuna uthibitisho wa pili ambao hauna ubishi. Chukua waya wa mtandao, unganisha kompyuta moja kwa moja na ruta, zima waifai, kisha urudie kazi iliyokuwa ikikusumbua. Kwa waya ikienda vizuri na kwa waifai ikakwama, umepata jibu. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi hazina tundu la waya huo. Adapta ndogo ya USB hutatua hilo, na inafaa kuwa nayo nyumbani kwa miaka.

Namba badala ya mistari

Ile alama ya mistari pembeni mwa skrini haitoshi kufanyia uamuzi. Kila mtengenezaji huichora kwa kipimo chake, na mistari mitatu ya laptopu hii si mistari mitatu ya ile. Kipimo chenyewe ni desibeli zikilinganishwa na miliwati moja, kwa kifupi dBm, nacho huandikwa kwa namba hasi. Kadiri namba inavyosogea karibu na sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Ukisoma -50 uko pazuri sana. Kwa -60 karibu kila kazi inafanyika. Mafundi wengi huishika -67 kama mpaka wa mazungumzo ya video yasiyokatika. Kwa -75 kurasa zinafunguka kwa kusuasua, na kwa -80 kompyuta inashika na kuachia, inashika na kuachia.

Kwenye Windows, rudi katika lile dirisha jeusi, andika netsh wlan show interfaces. Utaona jina la waifai, chaneli, kasi ya kupokea na ya kutuma, na mstari wa Signal wenye asilimia. Matoleo mapya ya Windows 11 yanaweza kukutaka kwanza uruhusu huduma ya mahali (Location) ndipo amri hii ifanye kazi. Asilimia hiyo inageuzwa kwa urahisi: igawe kwa mbili, kisha utoe 100. Asilimia 80 ni -60. Asilimia 50, ambayo mtu angedhani ni nusu na inaridhisha, ni -75, yaani hali dhaifu. Wengi hupotea hapa.

Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya waifai juu ya skrini. Utaiona RSSI, ambayo ndiyo nguvu ya mawimbi, na Noise, ambayo ni kelele ya hewani. Tazama tofauti ya hizo mbili. Mawimbi yakiwa -65 na kelele -92, tofauti ni 27, na kazi itakwenda. Mawimbi yakiwa -65 na kelele -75, tofauti ni 10 tu, na kompyuta itapata shida ingawa nguvu ya mawimbi ni ile ile.

Sasa chukua daftari. Simama na laptopu mita mbili kutoka kwenye ruta, subiri kidogo namba itulie, andika. Sogea hadi mlangoni, andika. Ingia chumba cha pili, cha tatu, panda darini, toka nje hadi kiwandani. Ukimaliza utakuwa na ramani ya nyumba yako kama mawimbi yanavyoiona, na utajua ukuta upi unakuumiza. Mwenye kompyuta ya mezani asiyeweza kuibeba anaweza kutumia simu ya Android yenye programu ya kupima waifai. Akumbuke tu kwamba simu na kompyuta hazina antena zinazolingana.

Ukuta unakula nini

Hesabu ya desibeli inataka uvumilivu mdogo, na malipo yake ni makubwa. Ukipoteza desibeli 3, nguvu imebaki nusu. Ukipoteza 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili unapoteza desibeli 6. Basi kutoka mita 2 hadi mita 8 kwenye uwanja mtupu umepoteza 12. Ukuta mmoja mnene wa mawe unaweza kula kiasi hicho hicho kwa hatua moja. Kuta tatu za desibeli 10 kila mmoja ni 30, yaani kinachopenya ni sehemu moja ya elfu, na hapo umbali wenyewe bado hujauhesabu.

Nyumba za Lamu zina kuta nyingi kwa sababu ya boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, na urefu wa boriti zile ndio ulioamua upana wa chumba, ambao kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi. Fundi aliyetaka nyumba kubwa hakuweza kupanua chumba, akaongeza kingine nyuma yake. Unaingia tekani, ukumbi wa mlangoni, unapita kiwanda, unafuata msana wa kwanza, yaani chumba kirefu kinachotazama kiwanda, msana wa pili, kisha ndani. Kwa mwendo wa mtu ni hatua chache. Kwa mawimbi ni ukuta mnene kila baada ya mita tatu, na ruta inayosifiwa kufika mita 30 ilipimwa mahali pasipo na kuta hizo.

Kuna na maji. Matumbawe na chokaa hufyonza unyevu, na hewa yetu ina chumvi ambayo huushikilia. Ukuta uliolowa humeza mawimbi zaidi kuliko ukuta mkavu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mtandao wa chumbani kwake huharibika wakati wa masika, usimcheke. Pima wakati wa mvua, upime tena wakati wa kiangazi, ulinganishe.

Vitu vingine havina uzito sawa. Mlango wa mbao, hata ule mzito wenye nakshi, hupitisha mawimbi vizuri kuliko ukuta ulioushika. Makuti makavu ni kama hayapo. Mabati hurudisha karibu kila kitu kilikotoka, na zege lenye nondo ni gumu pia, kwa hiyo nyumba mpya ya ghorofa si lazima ipate mawimbi mazuri kuliko ya kale. Kioo cha kujitazamia kina utandu wa madini nyuma yake. Tangi la maji, friji na runinga kubwa navyo ni vizuizi. Hata watu ni vizuizi, kwa kuwa miili yetu ina maji mengi. Sebule iliyojaa wageni siku ya maulidi haina waifai ile ile ya siku tupu.

Kuna jambo lingine linalofichwa na alama ya mistari, nalo ni kwamba waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta inachota umeme ukutani na antena zake ni kubwa. Laptopu inabana betri na antena zake ni nyuzi zilizofichwa kwenye fremu ya skrini. Ni kama mtu mwenye sauti nzito akimwita mgonjwa aliye chumba cha tatu: mgonjwa anasikia kila neno, anajibu, na jibu lake halifiki. Kompyuta yako inaonyesha mistari mitatu kwa sababu inaisikia ruta. Mistari haikwambii kama ruta nayo inaisikia kompyuta. Ndiyo maana ruta ya bei ghali yenye nguvu zaidi mara nyingi huleta mistari zaidi bila kuleta intaneti zaidi.

Mahali pa kuiweka ruta

Mafundi wanaofunga intaneti huiacha ruta pale waya ulipoingilia, kwa kawaida karibu na mlango wa mbele au dirisha la kichochoroni. Hapo ni pazuri kwa fundi, si kwako. Nusu ya mawimbi yanakwenda kuwahudumia punda wapitao Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu.

Mahali pabaya kuliko pote katika nyumba ya mawe ni kwenye zidaka. Naelewa kinachovutia, maana zinapendeza, na ruta inakaa pale kana kwamba ilikatiwa kipimo. Lakini zidaka ni tundu ndani ya ukuta, limezungukwa na mawe nyuma, kando, chini na juu. Mawimbi hutoka mbele tu. Kwenye kabati lililofungwa, nyuma ya runinga na sakafuni ni vivyo hivyo, au karibu.

Mahali pazuri ni pale ambapo ruta inatazama uwazi. Katika nyumba zetu uwazi huo ni kiwanda. Ruta ikiwekwa juu, kwenye msana unaofungukia kiwandani, mawimbi hutoka nje hewani na kuingia tena vyumbani kupitia milango na madirisha ya ndani, badala ya kulazimishwa kutoboa kuta. Ghorofa ya juu nayo hupata sehemu yake kupitia uwazi ule ule. Usiiweke palipo na mvua au jua moja kwa moja. Kimo cha mtu aliyesimama au zaidi kidogo kinatosha.

Kama ruta ina antena za nje, ujue kwamba mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, si kwenye ncha. Antena iliyosimama wima hutandaza mawimbi kwenye ghorofa yake. Ukiwa na ghorofa mbili na antena mbili, simamisha moja na ulaze nyingine. Halafu rudi na daftari lako, upime tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Bendi mbili na chaneli za jirani

Ruta nyingi za sasa hutoa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ile 5G inayoandikwa mwishoni mwa jina la waifai ni hii bendi ya gigahezi 5, haihusiani na mtandao wa simu wa kizazi cha tano. Wimbi la 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na la 5 ni kama nusu yake. Bendi ya 5 ni ya kasi, ina nafasi nyingi, lakini hushindwa na ukuta mapema. Ya 2.4 hufika mbali zaidi na ni ya polepole.

Kanuni ninayoifuata katika nyumba ya mawe ni hii: ukiwa chumba kimoja na ruta, au ukiiona kupitia kiwanda, tumia 5. Ukuta mmoja ukiingia kati, jaribu zote mbili na kupima. Kuta mbili, tumia 2.4. Tatizo ni kwamba ruta nyingi hutumia jina moja kwa bendi zote mbili, na kompyuta hung'ang'ania ile ya 5 hata inapokufa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uzipe majina tofauti, uchague mwenyewe. Mezani kwa kompyuta isiyohama, hilo peke yake linaweza kumaliza kesi.

Kuhusu chaneli, yaani vipande ambavyo bendi imegawanywa, bendi ya 2.4 ina tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Miongozo mingi ya mtandaoni huanza na ushauri wa kubadilisha chaneli, na kwa ghorofa za Malindi, ambako majirani wametenganishwa na bloku nyembamba, ni ushauri mzuri. Ndani ya nyumba ya mawe ya Lamu haiwi hivyo. Ukuta unaokunyima mawimbi yako unakukinga pia na mawimbi ya jirani. Panda darini, ambako nyumba za wageni huweka viti na meza, na mambo yanageuka: hapo utahesabu waifai za mtaa mzima zikisukumana hewani. Kwa ruta ya darini, chagua kati ya 1, 6 na 11 ile yenye wapinzani wachache, na usiweke 3 au 9 ukidhani umejipatia nafasi ya katikati. Utakuwa umesumbuliwa na pande zote mbili.

Oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi kwenye gigahezi 2.45. Kama mtandao hufa wakati wa kupasha chakula tu, hiyo ndiyo sababu.

Pengine ni kompyuta yenyewe

Weka simu kando ya kompyuta, zote kwenye bendi moja. Simu ikiwa na -58 na kompyuta -78, ruta haina kosa.

Kwa kompyuta ya mezani, tazama nyuma ya kasha. Kadi ya waifai hupachikwa nyuma, na antena zake fupi husimama kati ya bati la kasha na ukuta. Kisha kasha husukumwa chini ya meza. Nimeona kompyuta zilizonunuliwa zikiwa na antena hizo ndani ya mfuko wake, hazijawahi kufungwa. Zifunge. Kama kadi ina antena zenye waya mrefu, zipandishe juu ya meza. Kama unatumia kile kidude cha USB, usikichomeke nyuma. Tumia waya wa kurefusha USB wa mita moja au mbili, ukining'inize mahali palipo wazi. Uangalie pia usikiweke ubavuni mwa diski ya nje ya USB 3, kwani vifaa hivyo na nyaya zake hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4.

Kwa laptopu, jiulize kama iliwahi kufunguliwa. Nyaya za antena zake mbili hupita kwenye bawaba za skrini hadi kwenye kadi ndogo ndani. Fundi akibadilisha skrini au bawaba na kusahau kurudisha kishikizo kimoja, laptopu itashika waifai ikiwa karibu na ruta tu, na itaonekana dhaifu kila mahali pengine. Dalili ni hiyo: mita mbili ni sawa, mita sita hakuna kitu. Mrudishie fundi, akague vishikizo viwili vya kadi ya waifai. Ni kazi ndogo kwake.

Kuna na mambo ya programu. Windows inaruhusiwa kuzima adapta ya waifai ili kubana umeme, na baadhi ya adapta huamka vibaya. Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Device Manager, tafuta adapta ya waifai, nenda sehemu ya Power Management, uondoe alama ya kuruhusu kompyuta kuizima. Draiva, yaani programu inayoiendesha adapta, ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, si kwenye tovuti za watu baki zinazoahidi kuongeza kasi. Na hakuna programu yoyote inayoongeza nguvu ya mawimbi. Anayekuuzia hiyo anakudanganya.

Waya, na kwa nini siiamini sana busta

Umepima, umehamisha ruta, umechagua bendi, na chumba cha ndani bado kiko -80. Sasa ndiyo saa ya kununua kitu. Dukani utaonyeshwa busta, kidude cha kuchomeka ukutani kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena. Busta ya kawaida hutumia hewa ile ile kupokea na kutuma, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu. Na watu huiweka chumba kile kisichoshika, ambako inapokea -80 na kurusha upya mtandao mbovu kwa mistari mitano mizuri. Ukiamua kuitumia, iweke katikati ya njia, mahali ambapo bado kuna -60 au -65.

Mimi nitakushauri waya. Kebo ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na ukuta hauna la kuifanya. Unaitoa kwenye ruta, unaipitisha hadi chumba cha ndani, na huko unaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, au kwenye ruta ya pili iliyowekwa kama kituo cha waifai tu. Hata ruta ya zamani iliyolala kabatini inaweza kufanya kazi hiyo, mradi uzime huduma yake ya kugawa anwani (DHCP), uipe anwani yake ambayo haigongani na ya ruta kuu, na kuchomeka waya kwenye moja ya matundu yake ya kawaida badala ya lile la intaneti.

Usiutoboe ukuta hovyo. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na lipu ya zamani ikishavunjwa hairudi ilivyokuwa. Waya una njia za kupita bila kuharibu kitu: juu ya fremu ya mlango, kando ya boriti, pembeni mwa kiwanda pamoja na bomba la maji. Sehemu itakayopigwa na jua itake kebo ya nje yenye ganda jeusi. Na uliza dukani kama ndani ni shaba tupu, kwa sababu zile za bei ya chini huwa ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa hewa ya bahari huoza mapema kwenye viungo. Vichwa vya waya vivyo hivyo: mtandao ukianza kukatika baada ya mwaka, chomoa, tazama kama meno yake ya shaba yameota ukijani wa kutu.

Wenye ruta ya laini ya simu wana mgogoro wa pekee. Ruta hiyo inataka kuwa juu, karibu na dirisha au darini, ili iuone mnara. Waifai inaitaka katikati ya nyumba. Haiwezi kuwa kote. Iache juu inakopata mnara, ushushe waya hadi kituo cha waifai kilicho chini. Wenye dishi la paani nao wakague kama upepo wa kusi haujalisogeza, lakini hilo ni la njia ya kwanza.

Na ukifika mahali pa kumwita fundi, usimwambie mtandao ni mbovu. Mwonyeshe daftari: namba kando ya ruta, namba chumba cha ndani, majibu ya ping kwa ruta na kwa 8.8.8.8, kasi kwa waya na kasi bila waya, na saa ulizopima. Kama kwa waya kasi ni ile unayoilipia, mwulize bei ya mita za kebo. Kama kwa waya pia haifiki, mwombe apimie mbele yako, kwenye ruta yenyewe, kabla hajashuka ngazi.